Kibao cha Nyumba ya Tulizo

Ukiitafuta Sitarani katika ramani hutaiona, na wenyeji wake hawaoni ajabu, kwani wanasema ramani huchorwa na watu ambao magoti yao bado mazima. Mashavu binti Dadi alifika huko na baba yake wakati wa kipupwe. Yaliyowapata nayasimulia hapa kama yalivyokuwa, bila kuyatia chumvi.

Mashavu alikuwa mama wa makamo, ofisa wa leseni katika mji wao. Dirisha lake lilitoa leseni za bucha, za saluni, za baa na za makao ya wazee, zote kwa mhuri mmoja. Aliyetaka kufungua makao ya wazee aliulizwa ana viti vingapi na choo kiko upande gani. Akishajibu alipewa karatasi aitie katika fremu na kuitundika nyuma ya kiti chake cha ofisini, juu kabisa, mahali ambapo mzee hawezi kuisoma hata akipewa ngazi. Meneja wa makao makubwa kuliko yote mjini alikuwa zamani anasimamia kituo cha mafuta. Kituo kilipofungwa, mjomba wake akakumbuka kwamba ana jengo tupu. Mashavu ndiye aliyemgongea mhuri.

Kwa hiyo Mzee Dadi alipoanza kusahau sufuria motoni mpaka moshi ukawa unawaleta majirani, hakukuwa na makao hata moja kwao ambayo binti yake angethubutu kumpeleka. Aliyajua yote.

Mzee Dadi alikuwa refa wa ligi ya wilaya kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Magoti yalikuwa yamekwisha, lakini ile tabia ya kuamua haikuwa imekwisha. Ukimpa chai atakuambia kama imechemka sawasawa. Wajukuu wakigombana, lazima mmoja aonywe. Mashavu alijua akimweleza kwamba anapelekwa kuishi kwingine, nyumba haitakalika. Akamwambia wanakwenda Sitarani, kuna matibabu mazuri ya magoti. Mzee akafurahi, akanyoosha shati lake jeupe, wakaondoka.

Sitarani ni nchi ndogo yenye sheria chache, na sehemu kubwa ya sheria hizo inahusu uzee. Ya kwanza kabisa katika kitabu chao ni sentensi moja fupi: Mzee ni mtu mzima. Watoto huiimba shuleni bila kuielewa, na wanasheria huibishia mahakamani wakiielewa vizuri sana. Kule mtu akitaka kuwa waziri hutazamwa kama anajua kuhutubia, basi. Lakini akitaka kusimamia nyumba ya wazee, hapo nchi nzima husimama na kumkagua kama wanaomwoza binti yao.

Mtihani wa maandishi upo, wa dawa, wa chakula, wa moto, wa haki za wakazi. Mtihani hasa huja baadaye. Mwombaji huingizwa katika nyumba ya wazee akae kama mkazi. Hutiwa pamba masikioni, huvishwa miwani iliyopakwa mafuta, hufungwa mifuko ya mchanga magotini. Wahudumu huagizwa wamlishe kwa haraka, wamwite "babu" hata kama ana ndevu nyeusi, na wamzungumzie mbele yake kama vile hayupo. Mwishoni Baraza la Leseni humhoji. Aliyekasirika hufaulu. Aliyezoea hushindwa, kwa kuwa, wanasema, mtu aliyezoea kutendewa hivyo atadhani wengine nao wamezoea.

Akifaulu hapewi karatasi. Hupewa kibao cha mninga chenye jina lake, na kibao hicho hutundikwa katika chumba cha kulia, chini, usawa wa mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Mkazi yeyote mwenye malalamiko anaweza kunyoosha mkono akakigeuza jina litazame ukuta. Kwetu tukisema kibao kimegeuka tunamaanisha mambo yamebadilika; kule wanamaanisha kibao kimegeuka. Tangu hapo msimamizi hatoi amri tena. Baraza humleta kaimu siku hiyo hiyo, na kesi husikilizwa asubuhi inayofuata, pale pale mezani.

Si kwamba watu wote wa Sitarani wanaipenda sheria hii. Kuna chama kizima kinachotaka kibao kipandishwe juu kidogo, "kwa heshima ya kibao." Mwaka uliopita mzee mmoja alikigeuza kwa sababu ya maharage. Baraza likaja na uzito wake wote, mawakili wakabishana mpaka adhuhuri kama maharage yasiyoiva ni chakula au ni nia ya chakula, wakaonja, wakatoa hukumu: msimamizi aombe radhi na jiko libadilishe sufuria. Magazeti yalicheka. Lakini tangu hapo, maharage yanaiva Sitarani nzima.

Nyumba aliyoichagua Mashavu iliitwa Tulizo. Ilikuwa na ukumbi mpana, maua ya asumini dirishani, na harufu ya sabuni badala ya ile harufu nyingine anayoijua kila aliyewahi kuingia makao ya wazee. Alikuwa amesikia sifa za msimamizi wake, Bwana Idarusi, tangu akiwa kwao. Walisema hakuna mkazi wa Tulizo aliyewahi kufa peke yake, kwa sababu Bwana Idarusi hukaa naye mpaka mwisho, hata ikichukua siku.

Walipofika, waliwakuta wahudumu wamesimama kimya mlangoni. Ndani, katika ukuta wa chumba cha kulia, kibao kilikuwa kimegeuzwa.

"Poleni, wageni," mhudumu mmoja akawaambia. "Leo hatupokei mtu. Sheria hairuhusu nyumba ipokee mkazi wakati kibao kimegeuzwa. Mtalala chumba cha wageni, kesho Baraza likimaliza mtasikilizwa."

"Kupokea mkazi?" akauliza Mzee Dadi. "Mimi nimekuja kwa magoti."

"Ndivyo wanavyosema hapa, Baba," Mashavu akajibu upesi. "Twende ukapumzike."

Asubuhi wakaja watu wa Baraza, wakiongozwa na Bi Tufaha, mwanamke mfupi aliyekaribia kustaafu, viatu mkononi kwa sababu alipenda kusikia sakafu kama ina unyevu. Kabla ya kesi alipita vyumbani. Alilala juu ya vitanda viwili, akajigeuza ubavu. Aliingia msalani, akabonyeza kengele ya kuita msaada, akakaa akisubiri kuona nani atakuja. Aliomba bakuli la uji akalimaliza lote.

Mashavu alimtazama kwa mshangao. "Kwetu mkaguzi hupewa soda," alimnong'oneza mhudumu.

"Hapa mkaguzi akistaafu huja kuishi katika mojawapo ya nyumba alizozipitisha," mhudumu akajibu. "Hupigiwa kura ajue ni ipi. Bi Tufaha kura yake ni mwakani."

Mashavu alifikiria mhuri wake, na yale makao aliyoyagongea, moja baada ya jingine, na godoro la kila mahali.

Kesi ilifanyika katika chumba cha kulia. Wakazi walikaa kuzunguka meza, wengine kwenye viti vyao vya magurudumu, na wageni waliruhusiwa nyuma. Mzee Dadi alijipenyeza mbele, akaketi mgongo wima. Bwana Idarusi alikaa peke yake upande mmoja. Mtu mrefu, mpole wa macho, mikono ameilaza mezani kama mtu anayesubiri kupimwa damu.

"Nani aligeuza kibao?" akauliza Bi Tufaha.

"Mimi, Mwanakheri. Na sikusaidiwa na mtu." Alikuwa bibi mwembamba kwenye kiti cha magurudumu, aliyevaa kanga mpya, hina bado nyekundu viganjani.

"Kwa jambo gani, Bibi?"

"Kaka yangu Mbaraka alifariki kabla ya sikukuu ya mavuno. Huyu bwana aliletewa habari siku ile ile. Mimi nimeambiwa juzi, tena na muuza samaki. Alinipa pole akidhani nimeshalia nikamaliza." Akaviangalia viganja vyake. "Kaka yangu alikuwa ameshalala kaburini, mimi hapa napakwa hina. Niliimba. Mnakumbuka nilivyoimba? Niliwachekesha nyote. Na huyu alikuwa amekaa pale, ananitazama nikicheka, na anajua."

Kisha wakazi wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote wakamtetea msimamizi. Mzee mmoja alisema hajawahi kulala na kiu tangu Bwana Idarusi aje. Bibi mmoja akasema, "Mume wangu alikata roho mkono wake uko ndani ya mkono wa huyu. Mkimwondoa huyu, mmeniondoa na mimi."

Bi Tufaha aliwasikiliza wote mpaka mwisho. "Hayo tunayajua," akasema. "Wema wake haujashitakiwa. Bwana Idarusi, tuambie."

Bwana Idarusi akasimama. "Nakiri habari zilinifikia. Bi Mwanakheri ana presha. Nilihofia mshtuko. Nikasema, ngoja sikukuu ipite, ale, afurahi, kisha nitatafuta wakati mzuri. Nilimhurumia."

"Daktari alikuambia umfiche?"

"Hapana."

"Ulimuuliza daktari?"

"Sikumuuliza."

"Sikukuu ilipopita, ulitafuta huo wakati mzuri?"

Kabla Bwana Idarusi hajajibu, mmoja wa wajumbe wa Baraza, kijana mwenye sauti kubwa, akadakia: "Mheshimiwa, tukiadhibu huruma, kesho wasimamizi wetu watakuwa mawe. Watasoma habari za vifo kwa kipaza sauti wakati wa chai!"

Mjumbe wa pili, mwanamke aliyekuwa akisuka ukili muda wote, akamjibu bila kuinua kichwa. "Leo amemfichia msiba kwa huruma. Kesho atamfichia ugonjwa wake mwenyewe kwa huruma. Keshokutwa atamfichia ufunguo wa mlango. Mimi nimeziona nyumba za hivyo, na zote zilikuwa na msimamizi mwenye huruma sana."

Wakabishana, na kwa muda ikaonekana kama ni yale maharage tena. Mashavu alikuwa upande wa kijana moyoni mwake. Kwao nani angemwambia mgonjwa wa presha habari ya msiba ghafla? Watu hungoja. Humzungukazunguka mtu, humwambia kwanza "hali ni mbaya kidogo", na wakati mwingine humwacha asijue kabisa. Ni adabu. Ni mapenzi. Alitamani Bwana Idarusi aseme hivyo, na aseme kwa nguvu.

Lakini Bwana Idarusi aliinua mkono kuwanyamazisha wote wawili.

"Hapana," akasema. "Nimeulizwa kama nilitafuta wakati mzuri. Sikutafuta. Nilikuwa nikipita mlangoni kwake naharakisha. Nimekaa usiku na mchana na watu wanaokufa, na hilo naliweza. Lakini kumtazama mtu usoni na kumwambia neno litakalomvunja, na kubaki hapo akivunjika..." Akaiegemea meza. "Sikuogopa presha yake. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayemwambia."

Bi Mwanakheri alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyu amejipigia faulo mwenyewe," Mzee Dadi akamnong'oneza binti yake, kwa sauti ya mshangao wa kweli. "Maisha yangu yote uwanjani sijaona mchezaji wa namna hii."

Mashavu akayatazama magoti ya baba yake.

Hukumu ilitolewa pale pale. Leseni ya Bwana Idarusi ilisimamishwa mpaka mvua za vuli. Kwa muda huo angeishi Tulizo kama mkazi, katika chumba cha mwisho wa ukumbi. Atakula kinacholetwa, ataogeshwa saa ya kuogeshwa, na wahudumu waliokuwa wakimwamkia ndio watakaomwamulia taa izimwe lini. Mvua zikianza, Baraza litarudi, na wa kwanza kuulizwa kama arudishiwe kibao atakuwa Bi Mwanakheri.

"Bibi, umeridhika?" Bi Tufaha akauliza.

"Sijaridhika. Kaka yangu hajarudi. Lakini nimesikilizwa."

Bwana Idarusi alikwenda ukutani akakitungua kibao kwa mkono wake, akamkabidhi kaimu. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyezomea. Yule bibi aliyefiwa na mume alikuwa akilia. Mhudumu mmoja akamshika Bwana Idarusi mkono akampeleka taratibu katika chumba chake kipya, kama apelekwavyo mgeni yeyote.

Baada ya chakula, Bi Tufaha akamwita Mashavu. "Sasa zamu yenu. Mzee ataulizwa swali moja tu: amekuja au ameletwa? Hatupokei mtu aliyeletwa bila kujua. Uko tayari?"

"Naomba nizungumze na baba kwanza," Mashavu akasema.

Akamkuta Mzee Dadi amekaa barazani, amenyoosha miguu, bado anaijadili kesi peke yake. Mashavu akaketi sakafuni mbele yake, mahali alipokuwa akikaa akiwa mdogo akimsugua miguu baada ya mechi.

"Baba, hakuna matibabu ya magoti."

Mzee akaivuta miguu yake nyuma.

"Nimekuleta uishi hapa. Nilishaandikiana nao tangu mwezi wa tatu. Nilipanga nikushushe, nikae kidogo mpaka uzoee, halafu niondoke."

Alitegemea ghadhabu. Alijiandaa kwa ghadhabu. Lakini Mzee Dadi alimtazama tu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Kumbe nilikuwa nacheza mechi ambayo matokeo yameshapangwa," akasema polepole. "Mimi. Wewe unajua nilivyowafukuza watu waliokuja nyumbani na bahasha."

"Najua, Baba."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Ungekataa."

"Basi hapo ndipo ulipopaswa kuniambia! Nikiwa bado na mahali pa kukataa!" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. Akageuza uso. Mashavu alitaka kuinuka aondoke, akatafute maji, akaite mtu, afanye lolote. Hakuinuka. Alibaki palepale sakafuni, akamtazama baba yake akilia, na baba yake akamwacha amtazame.

Walipoingia kwa Bi Tufaha, mzee alikuwa ameshanawa uso.

"Mzee Dadi, umekuja au umeletwa?"

"Nimeletwa. Nimejua baada ya chakula cha mchana."

"Basi hatuwezi kukupokea."

"Mama, tumetoka mbali mno!" Mashavu akasema. "Hata akikubali sasa hivi?"

"Hata akikubali sasa hivi. Mtu aliyekwisha kufikishwa mlangoni hana uchaguzi, ana aibu tu ya kurudi. Arudi kwake kwanza, alale kitandani kwake, ale chakula chake. Akitaka, njia anaijua."

"Kwetu hakuna nyumba nzuri ya kumweka."

"Nani anatoa leseni huko kwenu?"

Mashavu alijibu kwa sauti ndogo. "Mimi."

Bi Tufaha hakumkaripia. Alimtazama kwa huruma iliyouma kuliko makaripio, akauliza, "Na wewe utazeekea wapi, mwanangu?" Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kumsikiliza mpishi.

Waliruhusiwa kukaa siku chache kama wageni, kwa sababu Bi Mwanakheri alikuwa hajaenda kumzuru kaka yake, na Mzee Dadi aliomba aende naye. Makaburi ya Sitarani yana njia pana zilizosakafiwa, viti vya magurudumu vipite. Bi Mwanakheri alisema atasukumwa na Bwana Idarusi. Kaimu akasita: mkazi kumsukuma mkazi? Wakatazama sheria, wakakuta haikatazi.

Pale kaburini Bi Mwanakheri alizungumza na kaka yake muda mrefu. Alimwomba radhi kwa zile nyimbo. Bwana Idarusi alikuwa amesogea nyuma, kwa adabu, kichwa chini.

"We Idarusi," bibi akaita bila kugeuka. "Unajificha wapi tena? Njoo huku. Njoo ulie na wewe, usinilindie machozi."

Akaja. Akapiga magoti mchangani kando ya kiti, na bibi akamwekea mkono begani, mkono wenye hina, na wote wawili wakalia bila kuona haya. Mashavu alisema baadaye kwamba katika safari yote hilo ndilo lililomstaajabisha zaidi. Nchi ilikuwa imemwadhibu mtu mwema mbele ya wote waliompenda, na bado hakuna aliyepoteza chochote isipokuwa uongo.

Wakati wa kurudi, Mzee Dadi alitembea akimwegemea binti yake. Walikuwa wamebaki nyuma ya wenzao.

"Tutarudi nyumbani," mzee akasema. "Nitaunguza sufuria. Utanipigia kelele. Siku nikichoka, nitasema mwenyewe. Wewe hutasema."

"Sawa, Baba." Wakatembea kidogo. Mashavu akasimama. "Baba, lakini mimi nimechoka."

Mzee akamgeukia.

"Nimechoka sana. Sufuria ni kisingizio. Nikiwa kazini nasikia harufu ya moshi, hata kama hakuna moshi. Usiku naamka kusikiliza kama unapumua. Nikiwa na watoto nakuwaza wewe, nikiwa na wewe nawaza watoto. Nimechoka na sikujua nitakuambiaje, kwa sababu wewe ni baba yangu na hukuwahi kuniambia umechoka hata siku moja."

Akaogopa alipomaliza. Lilikuwa neno ambalo kwao mtoto hamwambii mzazi. Mzee Dadi alisimama njiani, shati lake jeupe limejaa vumbi la makaburini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mama afariki."

"Hilo ndilo la kuniambia," akasema. "Si magoti. Magoti yangu nayajua." Akamshika mkono vizuri zaidi, na sasa haikujulikana nani anamwegemea nani. "Haya, anzia mwanzo. Nataka kujua yote."

Akamweleza. Njia ilikuwa ndefu, na hawakuharakisha.

Walirudi kwao. Mzee Dadi mwenyewe ndiye aliyesema atafutwe mtu wa kukaa naye mchana, na aliwahoji waombaji kwa ukali hata wawili wakaondoka kabla ya chai. Aliyebaki ni mwanamke wa Tanga anayejua kubishana. Sufuria bado huungua mara mojamoja, lakini sasa huungua mbele ya mtu. Kuhusu Sitarani, mzee hajasema neno, na binti yake hajamuuliza.

Kazini Mashavu hakuwa na uwezo wa kubadilisha sheria, na wakubwa wake walisoma ripoti aliyoandika kuhusu Sitarani kwa furaha kama watu wanaosoma habari za mwezini. Lakini hakuna sheria iliyomkataza ofisa wa leseni kwenda kuona anachokigongea mhuri. Akaanza kwenda. Alianza na yale makao makubwa ya mjini, kwa yule meneja aliyetoka kituo cha mafuta, ambaye alimpokea kwa soda na tabasamu, akamtembeza jikoni, akamwonyesha fremu ukutani, kisha akamwongoza ukumbini kwenye milango iliyopangana.

"Hapa wanalala," akasema, akaukamata mpini wa mlango wa kwanza ili aufungue.

Mashavu akauweka mkono wake juu ya mkono wa meneja, akauzuia. Kisha akabisha hodi.

Ndani kukawa kimya, kimya cha mtu asiyeamini alichosikia. Akabisha tena.

"Nani?" ikauliza sauti ya bibi, iliyojaa mashaka.

"Wageni wako, Mama. Tunaomba kuingia."

"Subirini," bibi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mwenye nyumba. "Subirini hapo hapo nje. Navaa."

Meneja alitazama saa yake, akamtazama Mashavu, akatazama mlango. Wakasubiri.